Tela la Skuta Si Tela la Ng'ombe

Mwl. Ignas Lushinge (Mstaafu),
Kitongoji cha Shuleni,
Segese.
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana.

Kwa Ndugu Liaquat,
Mwenye Duka na Karakana ya Skuta, Pikipiki na Matela,
Katoro.

YAH: KULIKATAA TELA ULILONILETEA, NA KUKUKUMBUSHA A-UNGANIFU NILIYOKUFUNDISHA DARASA LA TANO

Ndugu yangu Liaquat,

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza chenyewe, lakini kwa kuwa ninakufahamu tangu ukiwa na kaptula, nitakieleza tena kwa kirefu. Ulikuwa mtoto wa kusoma nusu ya swali na kulijibu lote. Niliandika hivyo kwenye ripoti yako ya muhula wa pili, na marehemu baba yako, ambaye wakati huo alikuwa na duka hapa Segese kabla hamjahamia Katoro, alinishukuru kwa ukweli ule.

Natumaini hujambo wewe, mama yako na wote wa dukani. Mimi sijambo, isipokuwa nyonga ya kushoto. Unajua kwamba mwaka jana nilianguka nikiziba bati linalovuja. Tangu siku hiyo mguu wa kushoto haukunjiki, na daktari amenikataza kupanda kitu chochote cha kutanua miguu: baiskeli, pikipiki, hata punda, ingawa sikuwa nimemuuliza habari za punda. Sasa natembea na mkongojo mpaka kwenye geti la shule, na nikifika hapo nageuza.

Sitazunguka mbuyu. Tela ulilonitumia Alhamisi silitaki. Lakini mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne hasemi "silitaki" tu kama mtoto anayekataa uji. Anatoa sababu, na sababu anazipa namba. Kabla ya namba, acha nieleze jambo lilivyoanza, maana barua hii huenda ikasomwa na watu wengine, na kusema kweli natamani isomwe.

Mwaka jana huo huo mwanetu Donatus, anayeendesha malori mgodini, alimnunulia mama yake skuta. Nyekundu. Sina neno na rangi. Mke wangu Mbuke, akiwa na miaka sitini na mmoja, alijifunza kuiendesha kwa siku mbili kwenye uwanja wa shule, mimi nikiwa pembeni na filimbi. Siku ya tatu akaenda nayo kanisani. Siku ya nne akaenda nayo gulioni. Siku ya tano hakuniambia alikokwenda, lakini alirudi na samaki.

Hapo ndipo nilipoanza kuihurumia skuta. Kutoka kwetu hadi kanisani, pale karibu na lami, ni kilomita sita za udongo wa mbuga, ule mweusi ambao ukilowa unamvua mtu viatu bila ruhusa yake. Skuta ina magurudumu madogo. Mvua ikinyesha, matope yanajaa kwenye madigadi, yanapanda hadi kwenye taa, na chombo kizuri kinageuka kichuguu. Nilikaa nikafikiri siku nyingi (muda ninao), nikapata jibu ambalo nashangaa hakuna aliyelipata kabla yangu: skuta isitembee. Ibebwe. Nina maksai wawili, Waziri na Katibu, ambao tangu kulima kuishe wanakula bure kama majina yao. Tukipata tela dogo, skuta inapanda juu, inafungwa kamba, maksai wanavuta, mimi naongoza nikiwa nimekaa mbele na mguu wangu nimeunyoosha, Mbuke anakaa kando yangu, na tunafika kanisani kwa saa mbili tu. Pale skuta inashushwa ikiwa safi kama ilivyotoka dukani. Jioni inapandishwa, tunarudi. Kwa hesabu zangu, skuta inayotunzwa namna hii itadumu mpaka mwaka 2090, na petroli ya kwenye tangi itakuwa ile ile aliyoitia Donatus.

Nilipomweleza Mbuke, akasema sawa, twende tukachague. Nilishangaa alivyokubali upesi.

Unaikumbuka siku tuliyokuja. Nyonga ilinitesa njia nzima ndani ya basi, lakini tela ni kitu cha kuchaguliwa kwa macho, si kwa simu. Ulikuwa na matatu. Lile refu la kubebea kreti za soda nililikataa kwa sababu lingewafanya maksai wajione wameajiriwa. Lile la gurudumu moja nililikataa kwa sababu za kiusalama na za heshima. Nikalipenda la tatu, dogo, la magurudumu mawili yenye springi, na nikaanza kulipima kwa rula ya mita ya shuleni. Wakati mimi nafanya kazi, Mbuke yeye alikuwa anapanda ndani ya kila tela na kukaa. Anakaa, anajitikisa kidogo, anashuka, anahamia lingine. Nilimwambia aache mchezo mbele za watu. Badala ya kuacha akaniomba na mimi nikae kidogo ndani ya lile la tatu, eti nimwonyeshe upana. Nikakaa, ili aniache nipime. Wewe ulikuwa unacheka, na fundi wako Adam alisimama pembeni na penseli sikioni, akiutazama mguu wangu wa kushoto utadhani anataka kuununua. Nakumbuka nilimkemea.

Tulirudi nyumbani nikachora mchoro kwenye karatasi ya manila, na baada ya hapo nikaandika agizo kwa mkono wangu: "Tela moja dogo la skuta, la magurudumu mawili, lenye springi." Herufi zote zilisimama. Kwa kuwa nyonga ilikataa safari ya pili, Mbuke alilipeleka agizo mwenyewe mpaka mezani kwako. Alhamisi hii dereva wako Ngusa, akiwa anapeleka saruji huku kwetu, akalishusha tela kwenye Fuso mbele ya nyumba yangu, na kitongoji kizima kikatoka kuja kutazama.

Sasa malalamiko.

1. Kuhusu neno lenyewe. Nilikupigia simu Alhamisi ile ile. Uliniamkia vizuri, ulikuwa na adabu kama siku zote, kisha ukaniuliza kwa sauti ya upole iliyonichemsha damu: "Mwalimu, si uliandika tela la skuta? Tela la ng'ombe linavutwa na ng'ombe. Tela la punda linavutwa na punda. Sasa la skuta je?" Nilikaa kimya mpaka salio likaisha. Usidhani nilishindwa. Nilikuwa natafuta mfano, na nimeupata. Gari la wagonjwa, Liaquat. Nililazwa siku kumi na moja kwa ajili ya nyonga hii na sikuona hata mara moja wagonjwa wamefungwa nira wakilivuta gari lao. Gari la mchanga halivutwi na mchanga. Kikombe cha chai hakisukumwi na chai. Ilikuwaje kichwa chako kikaenda kwa ng'ombe moja kwa moja, wewe uliyezaliwa na kukulia kwenye bidhaa?

Kisha ukanitumia ujumbe: "Mwl ulitufundisha a-unganifu huonyesha umilikaji. Tela ni mali ya skuta." Niliusoma mara tatu. Ni kweli nilifundisha hivyo. Wewe ulikuwa dawati la pili, dirishani, ukitazama nje, na sikujua kwamba ulikuwa unasikia. Jaribio lile nilikupa alama thelathini na nane kwa hamsini. Leo naziondoa nne. Katika mkoa ambamo nimetumia ujana wangu wote kuwafundisha watoto kutofautisha kura na kula, sikutegemea kwamba nitakuja kuangushwa na herufi moja, tena mimi mwenyewe ndiye niliyeiandika.

2. Kuhusu pa kuungia. Tela hili mbele lina chuma kifupi chenye tundu, kinachoingia kwenye mkia wa skuta kwa pini moja. Hakuna mti wa kufungia nira. Ijumaa asubuhi nilijaribu kuwafunga maksai hivyo hivyo kwa kamba. Chuma kiko chini mno, kinawafika kwenye magoti ya nyuma. Waziri aligeuka akalitazama tela, akalala chini. Katibu, kama kawaida ya makatibu, akamfuata. Walilala pale barabarani tangu saa mbili mpaka saa tano, na watu waliopita waliwapa pole wao, si mimi.

3. Skuta haienei. Nimejaribu kuipandisha kwa mbao mbili. Gurudumu la mbele na usukani vinaingia. Gurudumu la nyuma linabaki nje linaning'inia, kama mtu anayechungulia chumba cha watu. Nimepima tena: ndani ya tela kuna nafasi ya kitu kilichokaa, si kitu kilichosimama wala kilicholala. Nashindwa kuelewa ni skuta gani mliyoifikiria iliyo na umbo hilo.

4. Hapa Liaquat nitakuomba uwe mkweli, maana hapa ndipo ninapoona dharau. Tela la kubebea skuta linahitaji sakafu, kuta na kamba. Basi. Hili la kwenu lina kiti. Kina sponji nene lililovikwa ngozi ya bandia, na egemeo la mgongo lililolala kidogo kwa nyuma. Skuta haina mgongo! Lina ngazi ya chini kabisa, ya mtu asiyeweza kuinua mguu. Skuta haipandi ngazi. Upande wa kulia lina chuma cha kujishikia. Skuta ijishike kwa nini? Nyuma ya kiti kuna tundu la kusimamishia mwavuli, wakati skuta, kama unavyojua wewe unayeziuza, hulowa bila kunung'unika. Na kubwa kuliko yote, upande wa kushoto sakafu imeongezwa ubao mrefu uliojitokeza mbele, umepigwa msasa na kuwekewa zulia, kana kwamba kuna kitu cha kunyooshwa pale. Skuta haina mguu wa kushoto, Liaquat. Nimeizunguka yote nikatafuta.

Nilipomwonyesha Mbuke mapungufu haya moja baada ya jingine, alinisikiliza akiwa anachambua mchele, akasema labda fundi alijisahau. Nikamwambia fundi hajisahau kwa vipimo. Akainama zaidi juu ya ungo. Siku hizi mke wangu ana mambo yake. Mwezi uliopita nilikuwa nimejilaza baada ya ugali, akaja na futikamba akanipima kiuno, mgongo, mguu wa kulia, na mguu wa kushoto mara mbili, akisema nitashonewa suruali ya Pasaka. Pasaka imepita. Suruali sijaiona hadi leo, na nikiuliza naambiwa iko kwa fundi. Lakini hayo ni ya nyumbani, hayakuhusu.

5. Kuhusu maandishi. Naelewa kwamba siku hizi hakuna bajaji wala Fuso linaloingia barabarani bila kuandikwa kitu nyuma, na huko Katoro hata mikokoteni ya maji ina semi zake. Lakini mteja huulizwa. Nyuma ya tela langu, kwa herufi nyeupe kubwa, Adam ameandika ZAMU YANGU. Zamu ya nani? Ya kufanya nini? Kwa skuta? Sikulala vizuri kwa maneno yale mawili. Ijumaa mchana nikachukua kisu nikaanza kuyakwangua. Rangi yenu ni ngumu, hilo nakusifu. Niliweza kuiondoa herufi moja tu, ile Z, kabla nyonga haijakataa kuchuchumaa. Sasa tela linasomeka AMU YANGU, yaani ndugu wa baba yangu. Jirani yetu Vumilia amekwisha kuja kuuliza ni amu wa nani na amefariki lini. Linaloniudhi zaidi ni kwamba sarufi yake ni sahihi.

6. Malalamiko haya ya sita hayakuelekei wewe, lakini nimekwisha kushika kalamu, na hapa nyumbani Jumamosi hakuna mtu wa kumwambia.

Kwa miaka thelathini na minane nilimbeba Mbuke kwenye keria ya baiskeli. Kanisani, gulioni, msibani, kliniki. Siku niliyomleta kutoka kwao Samuye nilimbeba, na sanduku lake juu ya mapaja yake. Alikaa upande, mkono mmoja kiunoni kwangu na mwingine ukimshika Donatus alipokuwa mchanga, na sikumbuki siku aliyoniuliza tutafika lini. Nilikuwa napiga kengele kwenye kona na yeye anaimba. Wote wawili tulikuwa wa kwaya. Mimi niliifundisha kwaya ile miaka ishirini na miwili, na hakuna wimbo waliouimba ambao hawakuupata kwangu kwanza, ubaoni, sauti nne.

Sasa anakwenda peke yake. Alinishauri nikae nyuma ya skuta kwa upande, kama yeye alivyokuwa akikaa. Nilikataa, kwa sababu mtu aliyewahi kuwa Mwalimu Mkuu Msaidizi hakai upande. Kisha, ili uujue ukweli wote, nilijaribu kwa siri nyuma ya nyumba skuta ikiwa imezimwa, na nyonga ililia nikashuka na machozi. Tangu mvua zianze bajaji hazikanyagi udongo wetu. Kesho itakuwa Jumapili ya tisa sijafika kanisani. Jumamosi iliyopita Mbuke alirudi kutoka mazoezini, akavua helmeti, huku anaimba wimbo nisioujua. Nilimuuliza ni wimbo gani, akasema ni mpya. Nikamuuliza sauti ya nne inaingia wapi. Akasema, njoo usikie.

Niliumia, Liaquat. Sikumwonyesha. Nilikwenda kuwapa maji maksai ambao walikuwa wamekwisha kunywa.

Nafikiri sasa unaelewa kwamba habari ya matope si uongo, lakini si yote. Skuta ikibebwa na maksai, itambidi Mbuke akae kando yangu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na nyimbo mpya atanifundisha njiani. Ndiyo maana ninataka tela la kubeba skuta, si tela la kuvutwa na skuta. La kwako linaipa skuta kazi zaidi na kunipa mimi sababu zaidi ya kubaki nyumbani, nikilitazama likiondoka na mizigo ya gulioni, viazi vimeegemea kwenye sponji.

7. Kwa hayo yote, nadai yafuatayo:

(a) Umtume Ngusa alichukue tela hili ndani ya siku kumi na nne, na asije akalipakia mbele ya watu.

(b) Uniletee jingine lenye mti wa nira, lisilo na kiti, ngazi, mwavuli wala jina la ndugu wa baba yangu.

(c) Kwa kuwa uzembe huu unaweza kumpata mtu mwingine, uniunge mkono katika barua ninayokusudia kuwaandikia wakubwa wa lugha huko Dar es Salaam, nikipendekeza a-unganifu igawanywe mara mbili: ile ya kubeba na ile ya kuvutwa, kila moja na alama yake, na anayekosea afutiwe leseni ya biashara.

(d) Uniunge mkono pia katika ombi kwa kata kwamba skuta zote zibebwe kwa maksai wakati wa masika, na kwa haki, wakati wa kiangazi pia, kwa sababu ya vumbi. Vituo vya mafuta vitauza majani. Madereva wa bodaboda watajifunza kulima. Ajali zitakoma kabisa, maana sijasikia maksai aliyempita mwenzake kwenye kona.

Usipotekeleza, tela nitalifanya banda la kuku, na nitawaelekeza wateja wote wa Segese waje waone kuku walivyokaa kwenye kiti chako cha sponji.

Nafunga hapa kwa sababu karatasi inakaribia kwisha na Mbuke anajiandaa kwenda mazoezini. Nisalimie mama yako, mwambie Mwalimu bado anakumbuka sambusa zake za siku ya wazazi. Msalimie Adam ingawa nina neno naye. Msalimie Ngusa, aendeshe polepole. Msalimie jirani yako Hemal wa vitenge, ambaye naye alipita mikononi mwangu, na umwambie nimeliona bango lake jipya barabarani: bado anaandika "duka ambaye". Wasalimie wafanyakazi wote, wateja wote waliopo dukani barua hii ikifika, na hata wale waliokuja kuuliza bei tu.

Ni mimi niliyekufundisha na ninayekudai tela,

Mwl. Ignas Lushinge (Mstaafu).

Tanbihi: Ni jioni ya siku ile ile, nimetoka barabarani sasa hivi, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Nilipokwisha kutia sahihi nilihitaji mtu wa kuifikisha barua hii kwa wakala wa basi la Katoro. Mbuke, aliyekuwa amekwisha kuvaa helmeti, akasema niitoe aipeleke. Nikakataa, kwa sababu ya namba sita. Akasema basi ipeleke mwenyewe. Nikamuuliza kwa miguu ipi. Akatoka nje, na kabla sijapata bahasha nikasikia chuma kinaingia kwenye chuma. Nilipotoka, skuta na tela vilikuwa kitu kimoja. Mwavuli wangu mweusi umesimama kwenye tundu lake. Mbuke alikuwa kwenye usukani, ameangalia mbele.

Mimi ni mwalimu, Liaquat, lakini yako mambo ninayoyaelewa polepole. Ngazi niliipanda bila kuinua mguu. Chuma cha kulia kiko pale mkono unapokwenda wenyewe. Mguu wa kushoto nimeuweka kwenye ule ubao, na haukuzidi wala kupungua hata sentimita moja. Nikiwa nimekaa hivyo mdomo wazi, Mbuke akatoa mkobani karatasi yangu ya agizo, kumbe Ngusa alimrudishia Alhamisi, akanipa niigeuze. Nyuma yake, kwa penseli: "Kiti inchi kumi na nane. Mguu wa kushoto haukunji, aongezewe ubao. Uzito kilo sabini na mbili. Mama anasema hasijue." Mwambie Adam neno hilo halina h mwanzoni. Na sasa najua suruali yangu ya Pasaka ilishonwa kwa chuma.

Tulikwenda mwendo wa kinyonga mpaka kanisani, na barua nikaisahau mezani. Skuta ilichafuka mpaka kwenye vioo, mimi nikapata matope mpaka kwenye miwani, na sikuihurumia. Vumilia alisimama mlangoni kwake akapunga mkono: "Safari njema, amu!" Wanakwaya waliponiona wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, kisha wakaimba ule wimbo. Sauti ya nne wanaiingiza mapema mno. Nimewarekebisha. Nimeshika ubeti wa kwanza na wa pili. Wa tatu ni Jumamosi ijayo, kwa hiyo usimtume Ngusa.

Kuhusu namba moja, nimelifikiria neno lile njia nzima. Si tela la skuta kwa maana yako wala kwa maana yangu. Ni tela la mwalimu, kama gari la wagonjwa. Zile alama nne nimekurudishia. Namba mbili mpaka nne zifute, na namba saba yote, isipokuwa maksai, ambao bado nawatafutia kazi. Barua nakutumia hivi hivi ilivyo, maana karatasi ni ile ile na sioni sababu ya kuchana kazi ya mchana mzima.

Imebaki namba tano. Wakati wa kurudi nilimuuliza Mbuke, nikipaza sauti juu ya injini, yale maneno ya nyuma maana yake nini. Alipiga honi kwenye kona kwanza. Kisha akasema, bila kugeuka, "Miaka thelathini na minane."

Mwambie Adam anitumie rangi nyeupe kidogo na brashi ndogo. Nina herufi moja ya kurudisha.